Gari la Mbio kwa Mshahara wa Mwalimu

Wiki tatu zilizopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha fonolojia miaka sita iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili si mbali na Khayega. Baada ya maamkizi marefu alitoa bahasha mfukoni, nami nikadhani amekuja kuniomba barua ya kumpendekeza kwa masomo ya uzamili. Kumbe bahasha ilikuwa na picha mbili za magari: Mitsubishi Lancer Evolution nyekundu na Mazda RX-8 ya rangi ya fedha. Chini ya kila picha alikuwa ameandika bei kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule ule mzuri niliokuwa nikiuona katika karatasi zake za mtihani.

"Daktari," akasema, "mkopo wa chama chetu cha ushirika umekwisha kuidhinishwa. Ni shilingi milioni moja na laki tatu. Nichagulie."

Najua jibu ambalo wasomaji wengi wa safu hii wangempa. Wangemwambia anunue ploti Lurambi, au ng'ombe wawili wa maziwa, au, ikiwa hana budi kununua gari, basi Probox ya kubebea mahindi. Ni jibu la busara na limetolewa mara nyingi na wazee wetu. Lakini kijana hakuniuliza kama anunue; aliniuliza anunue lipi. Na mwalimu anayejibu swali asiloulizwa huishia kuzungumza peke yake, kwani mwanafunzi hutikisa kichwa kwa adabu kisha akaenda kufanya alilokuwa amekusudia tangu mwanzo. Isitoshe, mimi sina haki ya kumcheka. Ugonjwa huo niliwahi kuugua, na makovu ninayo.

Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini mwanzoni tulilelewa na mashindano ya Safari Rally kama wengine walivyolelewa na ngano za Sungura na Fisi. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953, yakiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalitufikia Pasaka baada ya Pasaka kupitia redio iliyowekwa dirishani. Mwaka 1994, Ian Duncan alipoibuka mshindi kwa Toyota Celica, sisi watoto tulikuwa tukimshangilia zaidi Patrick Njiru aliyemaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Mwafrika mwenzetu alikuwa amewashinda Wazungu na Wajapani kadha wa kadha kwa gari ambalo kwa umbo lilifanana na lile la daktari wa hospitali ya wilaya. Tangu siku hiyo neno Subaru likawa na maana katika vichwa vyetu ambayo kamusi yoyote haikuitambua. Mashindano hayo yalipoondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 tulihuzunika. Yaliporejea Naivasha mwaka 2021, niliwaona watu wazima, tena wenye shahada, wakitokwa na machozi.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwani ndiyo kazi yangu. Kwa Kiingereza magari ya aina hii huitwa kwa neno ambalo maana yake ya asili ni "ya kigeni, yatokayo mbali". Kwetu neno hilo halina kazi. Ukiondoa Nyayo Pioneer, lile gari la taifa lililozinduliwa mwaka 1990 na ambalo halikuvuka hatua ya magari machache ya majaribio, gari gani Kenya si la kigeni? Hata Probox imevuka bahari. Kwa hiyo ninapomsikia kijana akitamani gari la kigeni la mbio, naelewa kuwa anachotafuta ni gari lililotengenezwa na mtu aliyefikiria furaha ya dereva kabla ya kufikiria magunia. Tamaa hiyo haina aibu. Aibu huanza pale mtu anapoinunua furaha hiyo kwa pesa zake zote, akasahau kwamba gari la namna hii hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, na mara ya pili kwa fundi.

Mimi nililinunua mara tatu. Mwaka 2014, wino wa shahada yangu ya uzamifu ukiwa haujakauka, nilichukua mkopo nikanunua Impreza WRX ya buluu, ya mwaka 2004, kwa shilingi 780,000. Muuzaji alikuwa mtu mkarimu ambaye hata chai alininunulia. Tangazo lake lilisema: injini safi, tairi mpya, redio kubwa. Tulisafiri salama mpaka Kisumu. Tulipoanza kupanda kilima cha Riat, mshale wa joto nao ukaanza kupanda pamoja nasi. Tulipofika Kiboswa mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti, na watoto wa shule wamekwisha kukusanyika kutazama. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua, na haikuungua siku ile. Iliungua zamani, na mtu fulani alikuwa ameifichaficha kwa dawa ya kuziba nyufa iliyomiminwa ndani ya radieta. Matengenezo ya kwanza yalinigharimu 210,000. Baada ya miezi mitano mtambo wa turbo nao ukaanza kuvuta oili na kutoa moshi wa buluu, rangi moja na gari lenyewe.

Kwa muda wa miezi kumi na sita nililipia mkopo wa gari ambalo aghalabu lilikuwa limesimama chini ya mparachichi katika gereji ya jua kali. Mama yangu alipougua usiku mmoja wa mwezi wa Mei, mvua ikinyesha kama inavyojua kunyesha Kakamega, nilimpeleka hospitali kwa gari la jirani, mwalimu mstaafu mwenye pikapu kuukuu ambayo niliwahi kuifanyia mzaha. Injini yangu ilikuwa imefunuliwa na kufunikwa kwa gunia. Mama alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini swali lake nililikumbuka kila nilipotia sahihi hundi ya fundi: "Mwanangu, lile gari lako la kupiga kelele liko wapi?" Hatimaye niliuza kwa 450,000 kwa kijana mwingine, baada ya kumweleza kila kasoro niliyoijua. Mkopo uliisha mwaka 2018.

Nikimwandalia mwanafunzi wangu somo, basi, sikuanza na magari. Nilianza na hati yake ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara, nasi walimu tumeigeuza kinga hiyo kuwa shabaha: tunakopa mpaka tuiguse. Yeye alikuwa ameigusa. Theluthi moja iliyobaki ndiyo ingelipa kodi ya nyumba, chakula, karo ya mdogo wake aliye kidato cha tatu, petroli na bima. Nilimwomba anioneshe mahali ambapo fundi ameandikwa katika hesabu hiyo. Hakuwepo. Nikamwambia: katika milioni moja na laki tatu, gari lisizidi laki tisa. Iliyobaki iwekwe benki kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Akaniangalia kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kisha tukaingia katika eneo ninalolimudu, nalo ni lugha. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba watu wanapozungumza huchukulia kuwa kila mmoja anatoa habari za kutosha, za kweli, zinazohusika, na kwa uwazi. Kwa sababu hiyo, lisilosemwa nalo husema. Nikikuuliza mwanafunzi fulani ni hodari kiasi gani, ukanijibu kuwa ana mwandiko mzuri na hufika darasani mapema, umekwisha kunijibu. Matangazo ya magari husomwa hivyo hivyo. Tangazo linalosifu tairi, redio na viti vya ngozi limekaa kimya kuhusu giaboksi. "Injini safi" yaweza kuwa na maana kwamba imeoshwa. "Nunua uondoke nalo" hakuelezi utafika wapi. "Bei inaongeleka" kabla hujaongea lolote maana yake muuzaji ana haraka, na inafaa kuuliza anamkimbia nani. Na "lilimilikiwa na mwanamke", msemo unaopendwa mno na madalali wetu, unadai kwamba wanawake huendesha polepole. Ninao wanafunzi wa kike ambao wangelikanusha dai hilo kwa ushahidi.

Tarakimu nazo ni lugha. Kati ya mwaka 1989 na 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna gari litakalotangazwa kuwa na nguvu farasi zaidi ya 280. Matokeo yake, magari kadhaa yaliandikwa 280 ilhali injini zilikuwa na zaidi. Huo ni uongo wa unyenyekevu. Uongo wetu sisi huelekea upande wa pili: mita ya kilomita hurudishwa nyuma mpaka gari la miaka kumi na tano linaonekana lilikuwa likienda kanisani tu. Usiiamini mita. Tazama kanyagio la klachi, limelika kiasi gani. Tazama usukani, uone kama ngozi yake inang'aa. Tazama ukingo wa kiti cha dereva, pale mtu anapoteremkia. Vitu hivyo havijui kusema uongo. Herufi za nambari ya usajili nazo zisikupumbaze: hukuambia ni lini gari lilisajiliwa Kenya, wala hazisemi lilitengenezwa lini wala liliishi vipi ng'ambo.

Ukibahatika kupewa karatasi ya mnada wa Japani, ishike kama hati ya kale. Ina alama ya jumla pale juu. Gari la 4 au 4.5 ni zuri, na lililoandikwa R liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari uliojaa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, na S ni kutu, kutokana na neno la Kijapani "sabi". Wajapani, kama Waswahili, hupenda silabi inayoishia kwa irabu, na neno la kigeni likiingia kwao huvalishwa irabu kama sisi tunavyolivalisha. Ndani ya kifuniko cha tangi la petroli la magari haya ya mbio mara nyingi pameandikwa "haioku", yaani petroli yenye oktani ya juu. Neno hilo dogo lingeniokoa. Injini za turbo za Impreza na Evolution zilirekebishwa kwa petroli ya Japani yenye oktani inayokaribia 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Petroli hafifu huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, injini hugonga, na pistoni hupasuka polepole huku dereva akifurahia mlio. Mtu anayenunua gari la namna hiyo kwa mkopo na kulitilia petroli ya bei ya chini ni kama anayemwajiri mpishi wa hoteli kubwa kisha akampa makaa mabichi.

Kijana akauliza: kwa nini basi asiagize lake moja kwa moja kutoka Japani? Tukaketi na kikokotoo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Mitsubishi ilikoma kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016. Mazda ilikoma kutengeneza RX-8 mwaka 2012. Kwa hiyo mlango wa magari yote mawili aliyoyapenda ulikwisha kufungwa. Yaliyomo nchini ndiyo yaliyomo, na kila mwaka yanazidi kuzeeka, kugongwa na kubadilishana mikono. Hilo peke yake linaeleza kwa nini Evolution iliyotunzwa hugharimu pesa nyingi, na kwa nini ile ya bei nafuu inapaswa kututia hofu.

Ama kuhusu magari ambayo bado yanaruhusiwa, kuna ushuru. Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari uliongezwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Chukua gari ambalo wakuu wa forodha wamelikadiria kuwa la thamani ya shilingi 100. Na thamani hiyo hukadiriwa kwa orodha yao wenyewe ya bei, pamoja na punguzo la uchakavu, bila kujali ulivyopatana na Mjapani. Ongeza asilimia 35, unapata 135. Juu ya hiyo 135 huja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini inayozidi sentimita mchemraba 1,500, na jumla inakuwa 168.75. Juu ya hapo pana kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na jumla inafika 195.75. Bado hujalipa ada ya uagizaji, tozo la reli, bandari, wala mtu wa kulitoa Mombasa. Kwa ufupi, thamani imezidishwa mara mbili kabla hujalikalia. Watu husema ushuru ni asilimia 35. Hawakumbuki kwamba kodi zetu hupandiana mgongoni.

Hapa ndipo pana ufa mmoja mdogo wa nuru. Injini isiyozidi 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na Mazda MX-5 iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ile yenye paa la kitambaa iuzwayo Japani, ina injini ya lita moja na nusu. Ni gari la mbio lililopita chini ya kizuizi cha kodi. Lakini hata hivyo bajeti ya kijana wangu haikuifikia, nami sikutaka aongeze deni. Tukakubaliana kutafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwa nchini.

Sasa nieleze ninachokiamini kuhusu uchaguzi wenyewe, na wataalamu wa gereji wanisamehe. Mtu wa mshahara, anayenunua gari lake la kwanza la furaha, aepuke turbo. Atafute injini inayovuta pumzi yake mwenyewe, yenye mnyororo wa ndani badala ya mkanda, giaboksi ya mkono, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Kwa vigezo hivyo yamebaki majina mawili yanayofaa. La kwanza ni MX-5 ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2015, gari jepesi lisilo na mambo mengi. La pili ni Toyota 86, ambayo pia huuzwa kama Subaru BRZ, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa na injini ya lita mbili na nguvu farasi 200 hivi. Zote mbili hazina mbio za kutisha. Furaha yake imo katika kona, nasi watu wa milimani tuna kona za kutosha. Kasi inayoruhusiwa kisheria ni kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu na 50 mjini, na vijana wengi wa eneo hili wamezikwa wakijaribu kuthibitisha kwamba gari lao lilikuwa na zaidi.

RX-8 niliitoa mezani mapema. Injini yake haina pistoni. Ndani yake mna kipande cha pembe tatu kinachozunguka, na vizibo vya ncha zake vikishalika, injini hupoteza mgandamizo na hukataa kuwaka ikiwa moto. Bei yake huwa ya chini kwa sababu hiyo hasa. Yako pia magari ya Ulaya, kama Porsche Boxster ya mwishoni mwa miaka ya tisini, ambayo leo bei yake Nairobi yaweza kukushangaza kwa udogo. Mzee huyo tajiri amefilisika lakini bado anakula kama zamani. Beringi moja ya ndani ya injini yake inajulikana kwa kuvunjika bila kubisha hodi, na ikivunjika huenda na injini nzima. Fundi wa kuifungua hutampata Kakamega.

Lakini Kakamega ina hoja zake za pekee ambazo vitabu vya magari havina. Ya kwanza ni mvua. Matope ya kwetu hukaa chini ya gari mwaka mzima, kwa hiyo kutu lazima itafutwe kwa tochi, mtu akilala chali, wala si kwa kuzunguka gari mikono nyuma. Ya pili ni matuta. Kutoka Chavakali mpaka mjini nimewahi kuyahesabu nikachoka, na mengine yalijengwa na wananchi wenyewe baada ya msiba, kila tuta kumbukumbu ya mtoto. Gari lililoshushwa springi ili lipendeze litayakwaruza yote. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Gari la viti viwili, katika jamii ambamo kila Jumamosi kuna mazishi na kila mwenye gari hutarajiwa kuwachukua wazee, ni tangazo la uchoyo. Nilimuuliza kijana: shangazi yako akisimama kando ya barabara na kikapu, pamoja na mumewe, utamwacha nani? Alicheka, kisha akanyamaza. MX-5 ikatoka mezani. Imebaki Toyota 86, ambayo viti vyake vya nyuma ni vya watoto, lakini angalau shangazi ataona kuwa uliwazia.

Mwenzangu mmoja wa idara ya historia, aliyesikia mazungumzo haya kwa kuwa kuta zetu ni nyembamba, aliingia na kumwambia kijana kuwa mimi namkatisha tamaa. Akamkumbusha habari ya Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano, nao wakaikarabati. Ni kweli, na ni hadithi ninayoipenda. Nilimjibu tu kwamba Joginder Singh alilijua gari lile skrubu kwa skrubu kabla hajalitia barabarani, na kwamba fundi wake hakumlipa kwa saa, kwani fundi alikuwa yeye. Kijana wetu ni mwalimu wa Kiswahili na Dini.

Tulimfuata, basi, fundi ninayemwamini, mtu wa makamo ambaye gereji yake ipo upande wa Amalemba, na ambaye aliifungua Impreza yangu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Yeye hutoza kidogo kwa kwenda kukagua gari kabla ya kununuliwa, na katika miaka yote hii nimeona ni watu wachache mno wanaolipa ada hiyo; mtu yuko radhi kutoa laki tisa lakini elfu tatu zinamuuma. Masharti yake ni machache. Kwanza, nambari ya chasisi ilingane na hati ya umiliki, na jina la muuzaji lithibitishwe katika kumbukumbu za serikali, kwani gari lililowekwa rehani huwa na jina la mkopeshaji pia, naye hatambui machozi yako. Pili, apime mgandamizo wa kila silinda. Tatu, alione gari likiwa limeinuliwa.

"Na la nne, Daktari," akasema akifuta mikono, "injini niikute baridi. Baridi kabisa, kama maji ya mtungi. Gari lililolala usiku kucha likiwashwa asubuhi husema ukweli wake wote katika dakika moja: kama lina moshi utauona, kama lina mgongano utausikia. Likishapashwa moto limekwisha kufundishwa la kusema."

Kama mwanaisimu, sijasikia maelezo bora kuhusu ushahidi wa mzungumzaji asiyeandaliwa.

Ile Evolution nyekundu tuliiona kwanza, ili roho ya kijana itulie. Ilikuwa Kisumu. Fundi hakuhitaji hata kuiwasha. Aliinua zulia la buti, akapitisha kidole kwenye maungio ya bati, akatuonesha mahali ambapo nyuma ya gari ilikuwa imechomelewa upya na kupakwa rangi. Nusu ya nyuma ilitoka katika gari jingine. Muuzaji alisema hakujua. Huenda ni kweli. Kijana alizunguka gari lile mara mbili, akaligusa bawa la nyuma, na njia nzima ya kurudi hakusema neno mpaka tulipopita Mbale. Hapo akauliza, kwa sauti ya chini, kama zile laki nne zinaweza kukaa kwenye akaunti ya riba badala ya kukaa bure. Nilifurahi kuliko alivyojua.

Juzi alipata tangazo la Toyota 86 nyeupe, giaboksi ya mkono, iko Eldoret. Bei ni juu kidogo ya laki tisa tulizokubaliana, na kwa gari la aina hiyo ni ya chini mno. Nilimwambia aulize kwa nini. Muuzaji alijibu kwamba anahama nchi. Tukapanga twende Jumamosi na fundi, tuondoke saa kumi alfajiri ili tufike gari likiwa halijaguswa, na kijana akampigia muuzaji kumweleza hivyo waziwazi. Jana jioni simu yake ililia tukiwa bado ofisini. Muuzaji alikuwa mchangamfu. Alisema tusihangaike kudamka mapema, barabara ina ukungu; tuje tu saa nne hivi, na kwa heshima yetu atakuwa amekwisha kuliosha na kuipasha moto injini.

Kijana alinitazama. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili sanifu nilichomfundisha mwenyewe, kwamba tunashukuru sana, lakini tutafika saa kumi na mbili, na tungeomba asiiwashe.